Picha ya gorila imetoka giza? Usifute kwanza, fanya hivi

Juzi tulikuwa Buhoma, kule hifadhi ya Bwindi, Uganda, tumetoka msituni na wageni, jioni tumekaa tunakunywa chai, sasa kijana mmoja dereva mwenzangu ameshika kamera yake anabonyeza tu, futa, futa, futa. Nikamuuliza kaka unafanya nini, akasema mzee hizi ni giza tupu, humu hamna kitu, heri nipate nafasi kwa kadi ya kesho. Nikamwambia ishia apo apo, usifute hata moja tena, leta hiyo kadi.

Manake hivi ndivyo picha nzuri zinavyokufa kila siku. Mtu amepanda mlima masaa matatu, tope mpaka magoti, kapata ile saa moja ya kukaa na gorila, na ni saa moja kweli, dakika 60 zikiisha askari wa hifadhi anasema tuondoke mnaondoka, flashi hairuhusiwi, juu miti imefungana, chini majani mabichi, mnyama mwenyewe mweusi ti, alafu mtu anaangalia kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera anaona weusi anafuta. Kile kioo kinadanganya sana. Ukikiangalia juani kila picha ni giza, ukikiangalia usiku kila picha inang'aa.

Kwahiyo naandika hapa vile tulivyofanya na picha moja ya yule kijana, mwanzo mpaka mwisho, na katikati nitaingiza picha za mwanga mwingine mbaya wa huku kwetu, jua kali la Kasenyi, mbega juu ya mti, ndege mweupe, moshi wa kiangazi. Picha yenyewe ni mama gorila amekaa ndani ya majani, mtoto amemng'ang'ania kifuani, na katika uso wote wa mama ni jicho moja tu la kushoto limepata katobo ka mwanga kalikopenya juu. Kwenye kioo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Naomba ulishike hili kabla hujagusa chochote: gorila ni mweusi na msitu ni giza, na picha ikiisha gorila abaki mweusi na msitu ubaki giza. Watu wengi wanaokoa picha kwa kuwasha taa kila kona, mwisho wanapata gorila wa rangi ya majivu amekaa kwenye msitu unaowaka kama duka la simu. Huyo mnyama hayupo duniani. Tunamtoa mnyama kwenye giza, giza lenyewe tunaliacha mahali pake.

Kwanza kopi

Kabla ya kuediti kitu, toa kadi, kopi kwa laptopu, alafu kopi tena kwa diski ya nje au flashi ya USB. Sehemu mbili. Kadi yenyewe usiifute mpaka umefungua faili kadhaa kwa kompyuta ukaona zinafunguka kweli. Huku umeme unakatika ukiwa katikati ya kuhamisha na mi nishapoteza siku nzima ya Kibale hivyo, sokwe jike ameshika kijiti anakula, sitaipata tena ile. Usihamishe, kopi. Kuhamisha kunafuta kule kunakotoka.

RAW au JPEG, hapa ndio kesi inaamuliwa

Nikafungua folda ya kijana nikashukuru Mungu, alikuwa amepiga RAW. Kama hujui tofauti, ni hivi. JPEG ni chakula kilichopikwa, kamera imeshaamua rangi, imeshaamua ukali, imetupa vitu vingine vyote ili faili iwe ndogo. RAW ni unga, viazi, chumvi, kila kitu bado kipo mezani unapika mwenyewe. Kwa hesabu: JPEG ina hatua 256 tu kutoka nyeusi mpaka nyeupe kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina hatua 16,384. Sasa picha ikiwa giza, kila kitu cha maana kimejibana kule chini kwenye weusi. Ukivuta JPEG kutoka kule chini hatua ni chache sana, utaona rangi zinakatika mistari mistari, na weusi unageuka vipande vya mraba. RAW ukiivuta inakuja.

Kama ulipiga JPEG usikate tamaa lakini usiivute mbali, stopu moja hivi inavumilia, mbili tayari inalia. Stopu moja maana yake ni mwanga mara mbili, kwahiyo picha iliyokosa stopu mbili imepata robo tu ya mwanga uliotakiwa. Na leo hii, kabla hujalala, ingia kwa menyu ya kamera weka RAW, kadi ikiwa ndogo nunua nyingine. Simu nyingi pia zina RAW kwenye ile hali ya kupiga kwa mkono, faili inaitwa DNG.

Programu: Lightroom inajulikana, lakini ni ya kulipia kila mwezi. Kama hela hakuna kuna darktable na RawTherapee, zote bure kabisa, na sio za kubahatisha, ni programu nzito za kweli, zinataka tu uvumilivu wiki ya kwanza. Kwa simu Snapseed ni bure na inafungua DNG. Majina ya slaida, vile vitufe vya kuvuta kushoto na kulia, yanatofautiana kidogo lakini kazi ni ileile, mi nitataja kazi we utafute slaida yake.

Chagua kwa jicho la mnyama

Kijana alikuwa amebakiza picha 47. Tukazipitia zote hivi: fungua, zumu mpaka asilimia 100, nenda moja kwa moja kwenye jicho. Jicho likiwa kali, weka. Likiwa limelala au limetikisika, pita. Usiangalie giza kabisa kwa hatua hii, giza linatibika. Fokasi iliyoangukia jani la mbele badala ya uso haitibiki, na mtikisiko wa mkono uliopiga spidi ya shata 1/40 na lenzi ndefu hautibiki, hata zile programu mpya za akili bandia zinazoahidi kunoa zitakuchorea nywele ambazo gorila hana. Tukabaki na sita. Sita kati ya 47 ni mavuno mazuri kwa Bwindi, asikudanganye mtu.

Na kitu cha tatu kisichotibika ni kinyume cha giza, ni kuungua. Sehemu ikishakuwa nyeupe kabisa, rangi zote tatu, nyekundu, kijani na bluu, zimegonga ukuta, pale hamna habari yoyote, ukiishusha inakuwa kijivu kitupu kama sementi. Ndio maana msituni afadhali upige giza kidogo kuliko kuunguza. Kamera ikiona mnyama mweusi amejaa kwenye fremu inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, inataka kumfanya kijivu, na ule upenyo wa anga nyuma yake unaungua. Mi napunguza mwenyewe, thuluthi mbili za stopu mpaka stopu nzima chini ya kile kamera inachotaka.

Mwanga wa jumla, na kuisoma histogramu

Histogramu ni ule mlima mdogo pembeni, kushoto ni weusi kulia ni weupe. Ya mama gorila ilikuwa imebanwa yote kushoto kama watu wameegemea ukuta, alafu kulia kabisa kuna kajisindano kadogo, hako ndio katobo ka mwanga na majani mawili yaliyopata jua.

Tukapandisha eksposha, yaani ule mwanga wa jumla, stopu +1.3. Sio +3, japo ungeweza. Watu wanafundishwa kwamba mlima lazima ukae katikati, sasa kwa gorila huo ushauri ni sumu, mlima wake unatakiwa ubaki upande wa kushoto, usigande tu ukutani. Vuta polepole mpaka uanze kuona mpaka kati ya bega na majani ya nyuma, apo simama.

Alafu hailaiti, yaani sehemu zinazong'aa, tukashusha -45 yale majani mawili yakatulia. Shado, zile sehemu za kivuli, tukapandisha +30 tu. Na sasa sikiliza hii manake ndio siri yenyewe: baada ya kupandisha shado, chukua slaida ya nyeusi uishushe, sisi tulienda -18. Inaonekana kama unaharibu ulichojenga, lakini hapana. Shado inapandisha manyoya yote yanakuwa na ukungu wa kijivu, nyeusi inarudisha zile nyufa kati ya nywele na nywele ziwe nyeusi kweli, na hapo ndipo unaona kwamba ni manyoya na sio blanketi. Kijana alinyamaza kabisa pale. Mkono wa mtoto ukatokea, vidole vinne vimeshika nywele za mama, kitu ambacho kwenye kioo cha kamera hakikuwepo kabisa.

Ukitaka kujua umezidisha, angalia chini ya kidevu na makwapani. Pale ni mahali ambapo hata ungekuwa umesimama mwenyewe usingeona kitu. Kama kwenye picha yako unaona kila unywele wa kwapani, rudi nyuma.

Rangi: mtoe ule ukijani

Picha yoyote ya chini ya miti mikubwa ina ugonjwa wa kijani. Mwanga umepita kwenye majani mara tatu nne kabla haujafika kwa mnyama, kwahiyo umebeba kijani, na manyoya meusi yanaubeba vizuri sana, gorila anatoka kama amevaa sweta ya jeshi. Kwenye giza huoni, ukishapandisha eksposha ndio inajitokeza, na ndio maana mi naanza na mwanga alafu rangi.

Kuna slaida mbili. Moja ni ya joto, bluu kwenda njano, nyingine ni tinti, kijani kwenda zambarau nyekundu. Wengi wanacheza na joto tu wanashangaa mbona haikai. Tatizo la msitu liko kwenye tinti. Vuta kuelekea zambarau polepole huku umekodolea macho ngozi ya uso, ile ngozi tupu kuzunguka pua, ikipoteza kijani ikawa nyeusi ya makaa yenye kung'aa kidogo, umefika. Kwa dume mzee mwenye mgongo wa fedha ni rahisi zaidi, ule mgongo ni kijivu cha asili, mguse na kile kidude cha kuchagulia rangi programu itajirekebisha yenyewe, alafu we umalizie kwa jicho. Ukivuta zaidi midomo inakuwa ya zambarau, hiyo ni alama ya kurudi.

Majani nayo yapunguze, saturesheni, yaani ukolezo wa rangi, ya kijani peke yake -15 au -20, sio ya picha nzima. Majani ya Bwindi yakiachwa yanapiga kelele, macho ya mtu yanaenda kwa majani mnyama anabaki nyuma.

Maski, hapa kaa muda mrefu

Mpaka hapa umegusa picha nzima. Sasa unataka kugusa mnyama peke yake, na maski ndio hiyo, sehemu unayoichora ili mabadiliko yaishie humo tu. Programu mpya zina kitufe cha kuchagua mhusika, unabonyeza inamchora mnyama yenyewe, kwa simba kwenye nyasi inafanya vizuri ajabu, kwa gorila mweusi kwenye kivuli cheusi inakosea pembeni, inakula sikio au inaacha nusu ya bega. Usiiamini, washa ile rangi nyekundu inayoonyesha maski ilipo, zunguka mpaka wote kwa zumu, uongeze na kupunguza kwa brashi laini. Tulitumia kama dakika ishirini kwa mama na mtoto na sioni kama ni nyingi.

Ndani ya maski tukaongeza +0.35 ya mwanga na kontrasti kidogo, yaani tofauti ya weusi na weupe. Alafu tukageuza maski, ikashika kila kitu isipokuwa wao, tukashusha -0.3. Unaona hesabu? Tofauti kati ya mnyama na msitu imekuwa zaidi ya nusu stopu lakini hakuna upande uliovutwa kwa nguvu, na jicho la mtazamaji linaenda kwa uso bila kujua kwanini. Kingo za maski zilainishe, la sivyo unapata kamstari keupe kanazunguka mnyama kama ametolewa gazeti akabandikwa.

Jicho sasa. Hili nalisema kwa moyo wote, usimpake mnyama macho. Macho ya gorila ni ya kahawia iliyoiva, yana ule mng'ao mdogo wa anga, basi, ndio uzuri wake. Brashi ndogo, +0.3, kwenye mboni tu, usiguse mng'ao wenyewe. Jicho la kulia la mama lilikuwa ndani ya kivuli, kijana akataka tulipandishe lifanane na la kushoto. Nikakataa. Lilikuwa kivulini siku ile, likae kivulini.

Mwenye simu, Snapseed ina ile zana ya kuweka nukta juu ya kitu, unagusa uso, unapanua duara kwa vidole viwili, unapandisha mwanga wa pale tu. Nukta moja kwa uso, moja kwa mkono wa mtoto, moja ya kushusha jani linalowaka. Inafika mbali kuliko watu wanavyodhani.

Chenga

Picha ya ISO 6400, yaani kamera imewekwa iwe nyepesi sana kushika mwanga, ikivutwa stopu moja na zaidi inatoa chenga kama TV ya zamani antena ikianguka. Zipo za aina mbili, usizichanganye. Kuna chenga za rangi, vidoadoa vyekundu na kijani ndani ya weusi, hizo ni mbaya na hazina faida yoyote, ziondoe zote, slaida yake hata ikipanda picha haiumii sana. Alafu kuna chenga za mwanga, zile punje za kijivu, hizi ukiziondoa zote unaondoka na manyoya pia, uso unakuwa plastiki. Mi sizidi 25 au 30 kwa slaida ya kawaida, punje zikibaki kidogo hakuna aliyewahi kuikataa picha kwa ajili ya punje.

Zile programu za akili bandia za kusafisha chenga zimebadilisha mambo kweli, ya Lightroom ilikuja 2023, inasafisha RAW kiasi ambacho zamani tungesema ni uongo. Lakini laptopu ya mtumba isiyo na kadi nzuri ya picha ya ndani (GPU) inaweza kukaa dakika nyingi kwa picha moja, kwahiyo ifanye kwa zile sita tu, na uwe umechomeka chaji. Weka nguvu ya katikati. Ukiweka juu sana inaanza kubuni, zumu kwenye pua utaona mikunjo ambayo haikuwepo, na pua ya gorila ndio kitambulisho chake, askari wa hifadhi na watafiti wanawatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua. Ukibadilisha pua umebadilisha mtu.

Na kuna dawa ya bure ambayo wengi wanaisahau, kupunguza ukubwa. Picha ya pikseli 6000 upana ukiitoa kwa 2000, kila pikseli tisa zinakuwa moja, chenga zinakatana zenyewe zinabaki kama theluthi. Kwa hiyo kabla hujalia kwa sababu ya chenga za asilimia 100, iangalie kwa ukubwa ambao watu wataiona.

Ukali, baada ya chenga

Ukinoa kabla ya kusafisha unanoa chenga. Kipenyo kidogo, 0.8 au 1, kiwango cha 40 hadi 60, alafu tumia ile slaida ya maski ya ukali, kwa Lightroom shikilia Alt ukiivuta, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, peupe ndipo panaponolewa. Vuta mpaka ubaki na macho, pua, na kingo za nywele, ule msitu uliofifia nyuma uwe mweusi wote. Mandhari iliyofifia haina cha kunolewa pale.

Kukata fremu mi nafanya mwisho, na kwa huruma. Ukikata sana chenga zinakuwa kubwa tena. Kwa mama tulikata tu upande wa juu kulia, lile tundu la anga lililoungua likatoka nje ya fremu, na tatizo la kuungua likaisha bila kuedit chochote.

Mwanga mwingine mbaya

Jua kali. Hifadhi ya Queen Elizabeth inakatwa na ikweta, jua halichomozi kwa kujivuta kama kule nchi za baridi, linapanda wima. Kufika saa tatu asubuhi kule Kasenyi ule mwanga wa dhahabu umeshaenda, swala wanaoitwa kob, ambao ndio yule swala wa nembo ya taifa, wana mgongo mweupe na tumbo jeusi na macho yamezama kwenye kivuli cha paji. Shusha hailaiti nyingi, shado kidogo, punguza kontrasti ya jumla, alafu maski ndogo kwenye macho tu. Joto ongeza kidogo, usifike machungwa, mchana hauwi jioni kwa slaida, vivuli vifupi chini ya kwato vitakusema. Mara nyingi picha hizi nazigeuza nyeusi na nyeupe, pembe za kob dume na ile misuli ya shingo vinapenda mwanga mkali ukishaondoa rangi.

Mbega au sokwe juu ya mti na anga jeupe nyuma. Hapa chagua moja kati ya mbili, usisimame katikati. Ama unamwokoa mnyama na anga linakuwa jeupe kabisa na unakubali, ama unashusha kila kitu anakuwa kivuli cheusi chenye umbo, mkia mrefu wa mbega ukining'inia, na picha inakuwa ya umbo. Ukijaribu kushusha anga jeupe liwe bluu utapata kijivu chafu. Na matawi yatakuwa na uzi wa zambarau kandokando, kuna kisanduku cha kuondoa hiyo kasoro ya lenzi, weka tiki.

Ndege mweupe ni kesi ya peke yake. Yangeyange amesimama mgongoni mwa nyati pale mfereji wa Kazinga, kamera imepima mwanga kwa nyati, ndege ameungua. Ukiwa na RAW jaribu hivi: maski ya ndege tu, hailaiti -80, nyeupe -30. Kama ni rangi moja au mbili tu zimegonga ukuta programu inaweza kujenga upya kutoka kwa ile iliyobaki, utaona manyoya ya bawa yanarudi kama mistari myembamba. Zikiwa zimegonga zote tatu, ndege huyo ameenda, tafuta fremu ya kabla au ya baada ambapo amegeuka kidogo na jua. Siku nyingine pima mwanga kwa ndege, nyati tutamvuta kutoka gizani.

Moshi na vumbi vya kiangazi, simba wa Ishasha, kusini mwa Queen Elizabeth, kwenye mkuyu na nyuma yake ukungu wa rangi ya chai ya maziwa. Ile slaida ya kuondoa ukungu itumie 10, 15, ikizidi 25 inatia giza na inatia rangi nyingi, simba anakuwa mwekundu. Nami nadhani ukungu wa Ishasha mwezi wa saba ni sehemu ya Ishasha, naacha kiasi.

Usichofanya

Usitoe jani lililopita mbele ya uso, usihamishe mtoto, usibandike anga la hifadhi ya Kidepo juu ya picha ya hifadhi ya Murchison. Mwanga, rangi, chenga, kukata, hayo ni kusafisha. Kuongeza au kutoa vitu ni kudanganya, na mashindano makubwa ya picha za wanyama yanaomba faili ya RAW walinganishe, kwahiyo itunze. Hata bila mashindano, mgeni ataona picha yako atakuja na dola zake za kibali cha kuona gorila akitarajia kuona ulichoonyesha.

Kutoa na kutuma

JPEG, rangi ya sRGB, upande mrefu pikseli 2048, ubora 80 hadi 85. Kabla hujatoa ipeleke kwenye simu yako uiangalie, kioo cha laptopu ya zamani mara nyingi kiko giza, unajikuta umeng'arisha zaidi bila kujua. WhatsApp inaminya picha na weusi unavunjika vipande, mtumie mtu kama dokumenti. Ukienda kuprinti omba kwanza kipande kidogo cha majaribio, karatasi inameza weusi, mi naongeza kama +0.3 kwa faili ya kuprinti tu. Nilishawahi kulipia picha kubwa ya dume wa Rushaga bila kujaribu, ikatoka nyeusi na ya kijani, na hela haikurudi.

Na tafadhali ondoa lokesheni ndani ya faili kabla ya kuweka mtandaoni. Kuna kisanduku wakati wa kutoa. Kwa faru wa hifadhi ya Ziwa, kwa kiota cha ndege adimu wa kinamasi cha Mabamba, ile GPS ni ramani ya kumfikishia jangili.

Picha ya mama ilichukua kama saa moja na robo. Kijana aliiweka kwenye simu akaizima akaiwasha, akaizima akaiwasha, alafu akaniomba tufungue zile alizokuwa amezifuta, kama kuna njia. Tukaacha kutumia ile kadi papo hapo, manake ukifuta faili inabaki pale mpaka upige nyingine juu yake, tukatafuta programu ya kurudisha faili tukarudisha 19. Nne kati yake zina jicho kali. Zimekaa kwa folda yao pamoja na RAW zangu za 2016 ambazo wakati ule sikuweza kuzisaidia, na mwaka juzi nilizifungua tena na kisafisha chenga kipya, mbili zikatoka.